Pikipiki imepatikana, mwenyewe ndiyo kwanza anaanza kulipa

NYAKIYUMBU, Kasese – Kwa mtu wa Nyakiyumbu, pikipiki si chombo cha matembezi. Hubeba pamba kutoka shambani, hupeleka samaki wa Katwe soko la Mpondwe, na jioni hurudi na madumu ya mawese yaliyovuka kutoka Kasindi. Ikiibwa usiku, kukipambazuka biashara imesimama.

Ndiyo maana simu inayosema “chombo chako kimepatikana” hupokewa kwa furaha. Mwenye mali huazima nauli akaenda kituoni. Huko huikuta pikipiki yake uani, juani, matairi yameisha upepo. Kisha huelezwa mambo mawili: kwamba chombo ni kidhibiti cha kesi, hakitoki leo, na kwamba ipo gharama ya kukileta pale na gharama ya kukitunza.

Hapo huuliza swali ambalo wengi waliowahi kuibiwa wanalijua: mwizi ndiye aliyeiba, mbona anayelipa ni mimi?

Swali hilo lina uzito zaidi mpakani, ambako chombo kilichoibwa Bwera alfajiri kinaweza kuwa nchi nyingine kabla ya saa sita mchana.

Mto mmoja, sheria mbili

Mto Lhubiriha ndio unaotenganisha Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo upande huu. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule husikilizana lugha, huoana na kuuziana. Sheria zao, hata hivyo, zina wazazi tofauti.

Uganda ilirithi sheria ya Kiingereza, ambayo kanuni yake ya jumla ni kwamba mwizi hawezi kuuza haki asiyokuwa nayo. Aliyenunua mali ya wizi, hata kwa nia njema, huinyang’anywa na kubaki akimtafuta aliyemuuzia.

Sheria ya kiraia ya Kongo ilipitia mikono ya Wabelgiji, na mizizi yake iko katika sheria ya Ufaransa ya 1804. Sheria hiyo ya zamani ilimpa aliyeibiwa miaka 3 ya kudai mali yake, lakini ikamtaka amrudishie bei mnunuzi aliyeinunua sokoni au kwa mfanyabiashara wa bidhaa za aina hiyo. Kwa hiyo mtu wa Bwera anayeikuta pikipiki yake ng’ambo asishangae akiambiwa kuna mtu anayedai fedha zake kwanza. Kabla ya kubishana, ni afadhali atafute mwanasheria wa huko.

Chombo kikiwa kimeshavuka, kukirudisha kunapitia mikono mingi: polisi wa nchi mbili, mara nyingine ofisi za Interpol za kila taifa, na forodha. Kila mkono una karatasi yake, na kila karatasi ina siku zake.

Siku ndizo zinazokula

Watu huogopa gharama ya kuvuta, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwanza. Brekidauni inayotoa lori Kikorongo hadi Kasese ni fedha nyingi kwa mara moja. Lakini hiyo hulipwa mara moja tu. Gharama ya yadi huhesabiwa kwa siku, na haipumziki Jumapili wala sikukuu.

Tuseme yadi inatoza shilingi 10,000 kwa siku. Mwenye pikipiki akija siku ya 3, anadaiwa 30,000. Akichelewa kwa sababu alikuwa akitafuta kadi ya usajili iliyobaki kwa aliyemuuzia Mbarara, akaja siku ya 45, anadaiwa 450,000. Hakuna aliyempandishia bei. Siku zimejipandisha zenyewe.

Tena pikipiki nyingi za bodaboda hununuliwa kwa mkopo. Mkopeshaji anadai marejesho yake kila wiki, chombo kiwe barabarani au kiwe uani. Mwenyewe analipa kule, anadaiwa huku, na katikati hakuna kinachoingia. Wapo wanaopiga hesabu, wakaona deni linaikaribia thamani ya chombo, wakaacha kurudi. Mali iliyookolewa kwa mwizi ikaishia kwenye mnada.

Uchungu mkubwa ni kwamba siku nyingi kati ya hizo si za uzembe wa mwenye mali. Chombo kinashikiliwa kwa sababu mahakama inakihitaji kama ushahidi, au kwa sababu karatasi haijatoka nchi ya pili. Yeye hana ufunguo wa kuzisimamisha siku hizo.

Anayedai ni nani?

Katika vituo vya polisi vya Uganda kuna tangazo ambalo kila mfanyabiashara amewahi kuliona: dhamana ya polisi ni bure. Tangazo hilo lilibandikwa kwa sababu watu walikuwa wakilipia kisicholipiwa. Kuhusu chombo kilichoibwa hakuna tangazo maarufu kama hilo, na ndipo mkanganyiko unapoanza.

Jambo la kwanza la kujua ni nani hasa anayedai. Madai yanaweza kutoka kwa mwenye brekidauni, ambaye ni mtu binafsi aliyechoma mafuta yake. Yanaweza kutoka kwa yadi ya kukodi. Yanaweza kutoka forodha, ikiwa chombo kilikamatwa mpakani na kuwekwa kwenye ghala lao. Mfanyabiashara anayepitisha mizigo anajua kwamba ghala la forodha lina kodi yake. Au yanaweza kutoka kwa mtu asiye na mamlaka yoyote, aliyeona shida ya mwenzake akaigeuza mtaji.

Kuna njia ya kuwatofautisha. Malipo ya serikali kuu ya Uganda hulipwa kwa namba ya malipo, ile PRN inayotolewa na mamlaka ya mapato, na fedha huingia kupitia benki au simu. Haziingii mfukoni mwa mtu. Mwenye brekidauni na mwenye yadi binafsi nao wanapaswa kutoa risiti yenye jina la biashara, tarehe, na namba ya chombo. Anayetaka fedha bila karatasi ajibiwe kwa upole kwamba karatasi ikija, fedha nayo itakuja.

Uingereza bei iko kwenye sheria

Mzigo huu hauko Afrika Mashariki peke yake. Uingereza nako, aliyeibiwa gari anaweza kupelekewa bili ya kulivuta na kulitunza polisi wakilipata, na watu hulalamika vilevile.

Tofauti ni kwamba kule bei imeandikwa kwenye kanuni za nchi. Tangu Aprili 2023, kuondoa gari dogo lililosimama barabarani bila kuharibika sana ni pauni 192, na kulitunza ni pauni 26 kwa siku. Mwenye gari anaweza kuona ubaya wa sheria hiyo, lakini anajua kabla ya kutoka nyumbani atadaiwa kiasi gani. Wengi pia wana bima inayobeba mzigo huo.

Mpakani hapa, bima ambayo wengi wanayo ni ya mtu wa tatu, pamoja na Kadi ya Njano ya COMESA kwa wanaovuka. Hiyo humlipa uliyemgonga. Haikulipi wewe ukiibiwa, wala hailipi yadi.

Kabla ya wizi, na baada

Kwa kuwa siku ndizo zinazokula, kinga ni kuzipunguza. Anayenunua chombo na abadilishe usajili uwe kwa jina lake mara moja. Asitembee na kadi ya mtu wa Mbarara kwa miaka mitatu. Namba ya chesisi na ya injini zipigwe picha, zihifadhiwe kwenye simu na kwa ndugu pia, maana simu nayo huibwa.

Wizi ukitokea, taarifa itolewe siku hiyo hiyo, na mtu aondoke kituoni na namba ya kumbukumbu ya shauri. Chama cha bodaboda na mwenyekiti wa LC1 wajulishwe, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wenye watu wao ng’ambo.

Chombo kikipatikana, mwenyewe aende upesi hata kama hana fedha. Aandike barua ya kuomba akabidhiwe, abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Aulize kama mahakama inaweza kuridhika na picha za kidhibiti, ili chombo kitoke kesi ikiendelea. Risiti zote azitunze, kwa sababu mahakama ya Uganda ikimtia mwizi hatiani inaweza kumwamuru alipe fidia. Bila risiti hakuna cha kudai.

Jumuiya ina kazi hapa

Wakuu wa polisi wa Afrika Mashariki waliunda chombo chao cha ushirikiano, EAPCCO, mjini Kampala mwaka 1998, na magari ya wizi ni miongoni mwa mambo wanayoyasaka kwa pamoja. Kongo imo. Tangu Julai 2022 Kongo pia ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo kusaka kuna meza yake.

Kinachokosekana ni meza ya upande wa pili: chombo kikishapatikana, mwenyewe anakipataje bila kufilisika? Mambo mawili yangemtosha mtu wa Nyakiyumbu. Bei ya kuvuta na kutunza ibandikwe ukutani Bwera na Kasindi, kwa Kiswahili, kama ilivyobandikwa ile ya dhamana. Na siku ambazo serikali yenyewe inakishikilia chombo kwa ushahidi zisihesabiwe kwa aliyeibiwa.

Hadi hapo, simu ya habari njema ikilia, mwenye mali atafurahi, kisha ataanza kuhesabu siku.