Walalahoi wa Marekani nao wana vigogo wao

WAPO watu wengi katika nchi zetu hizi za Maziwa Makuu ambao wakilisikia jina la Marekani, kinachowajia kichwani ni noti ya dola mia moja, maghorofa, na ndugu aliyepanda ndege akaneemeka. Ni vigumu kumshawishi mtu wa aina hiyo kwamba huko nako kuna walalahoi wanaowalaani vigogo wao kila kukicha. Lakini ndivyo ilivyo. Hasira hiyo ndiyo iliyochangia kwa kiasi kikubwa ushindi wa Donald Trump mwaka 2016 na tena mwaka 2024, na ndiyo iliyombeba Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliyechaguliwa kuwa meya wa New York Novemba 4, 2025. Watu wawili wasiopatana kwa lolote, lakini waliopanda ngazi ileile.

Wengine watauliza, yanatuhusu nini sisi? Msomaji anayeuza mitumba pale Kobero au Gatumba, na yule aliyerejea nyumbani ilhali nduguye alipelekwa Marekani kutoka kambini, nadhani atakuwa na jibu kabla sijamaliza.

Chimbuko la karibu la hasira hii ni mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, mabenki ya Marekani yalikuwa yakiwakopesha watu fedha za kununulia nyumba bila kujali sana kama wataweza kulipa. Kisha madeni hayo yalifungwa pamoja na kuuzwa kwa wawekezaji dunia nzima. Mfanyabiashara wa mitumba ataelewa haraka: ni kama robota lililopangwa mashati mazuri juu na matambara chini, likabandikwa alama ya daraja la kwanza, kisha kila mnunuzi akamuuzia mwenzake bila kulifungua. Bei za nyumba ziliposhuka, marobota yakafunguliwa. Septemba 15, 2008 benki ya Lehman Brothers, iliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka 150, ikafilisika. Siku iliyofuata Benki Kuu ya nchi hiyo ikalikopesha shirika la bima la AIG dola bilioni 85 ili lisianguke nalo.

Rais wa wakati huo, George W. Bush, akaliomba Bunge dola bilioni 700 za kuiokoa sekta ya fedha. Septemba 29 Baraza la Wawakilishi likakataa. Wabunge walikuwa wamefurikiwa na simu na barua za wapiga kura wakiwaonya wasithubutu kuwalipia matajiri madeni yao. Siku hiyohiyo soko la hisa la New York likaporomoka vibaya, na Oktoba 3 Baraza lilelile likaupitisha muswada, ukiwa umefanyiwa marekebisho. Kwangu mimi, siku hizo 4 zinaieleza siasa ya Marekani ya leo kuliko hotuba nyingi. Wananchi walisema hapana, soko likasema ndiyo, na aliyesikilizwa ni soko.

Yaliyofuata yalitia chumvi kwenye kidonda. Machi 2009 ilifahamika kwamba AIG, ikiwa tayari inaishi kwa fedha za umma, imelipa marupurupu ya dola milioni 165 kwa watumishi wa kitengo kilekile kilichoitumbukiza shimoni. Oktoba mwaka huo ukosefu wa ajira ulifika asilimia 10. Mamilioni ya familia zilipoteza nyumba zao. Ama kuhusu kesi, mtendaji anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye pekee wa Wall Street aliyefungwa jela kutokana na msukosuko ule ni Kareem Serageldin wa benki ya Credit Suisse, aliyehukumiwa miezi 30 mwaka 2013. Mwizi wa kuku angecheka.

Haki isemwe: mabenki mengi yalirejesha fedha hizo, na kwa upande wa mabenki hazina ya serikali ilipata hata faida. Wapo wachumi wengi wanaosema bila hatua ile hali ingekuwa mbaya zaidi. Yawezekana. Lakini mweleze hivyo fundi wa Ohio ambaye vyombo vyake vilitolewa nje na kuwekwa kando ya barabara. Yeye anachojua ni kwamba matajiri walipokula hasara waliitwa watu muhimu, na yeye alipokula hasara aliitwa mzembe.

Hasira ilipotafuta mlango wa kutokea, ilipata miwili. Februari 19, 2009 mtangazaji wa televisheni Rick Santelli, akiwa katika soko la bidhaa la Chicago, alifoka hewani kuupinga mpango wa Rais Barack Obama wa kuwasaidia wenye nyumba walioshindwa kulipa. Maneno yake yakawa miongoni mwa cheche zilizowasha vuguvugu la Tea Party, la watu waliomwona adui wao kuwa serikali, kodi na wanaobebwa. Miaka miwili baadaye, Septemba 17, 2011, vijana wakapiga kambi katika bustani ya Zuccotti, hatua chache kutoka Wall Street, wakidai kwamba wao ndio asilimia 99 na kwamba asilimia 1 imeihodhi nchi. Polisi wakawatimua Novemba 15. Makundi haya mawili yalidharauliana. Wa kwanza waliwaona wa pili wahuni, wa pili wakawaona wa kwanza washamba. Kumbe walikuwa wakilia msiba mmoja.

Na hapa ndipo ninapoona busara ya vigogo wa kule. Hawakuizima hasira, waliinunua. Haikuchukua muda makundi yenye fedha za mabilionea, likiwamo Americans for Prosperity lililoanzishwa na ndugu wawili, Charles na David Koch, yakawa yanawasaidia watu wa Tea Party kuandaa mikutano yao. Januari 21, 2010 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua katika kesi iitwayo Citizens United kwamba serikali haiwezi kuyazuia makampuni kutumia fedha zao kueneza kampeni, mradi tu wasimkabidhi mgombea mkononi. Tangu hapo mlango umekuwa wazi. Katika uchaguzi wa mwaka 2024 mtu mmoja tu, Elon Musk, alitumia zaidi ya dola milioni 250 kumsaidia Trump na chama chake. Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa, Musk, Jeff Bezos na Mark Zuckerberg waliketi mbele ya watu walioteuliwa kuwa mawaziri. Siku 5 kabla yake Rais Joe Biden, akiaga, aliwaonya Wamarekani kuhusu utawala wa matajiri wachache. Alikuwa na miaka 4 ya kulisema hilo mapema zaidi.

Nisieleweke kwamba chama cha Biden ni cha watakatifu. Hillary Clinton alipogombea mwaka 2016 alibanwa na swali moja ambalo hakulijibu vizuri: benki ya Goldman Sachs ilimlipa dola 675,000 kwa hotuba 3 mwaka 2013 kwa ajili gani? Mpinzani wake ndani ya chama, Seneta Bernie Sanders, alilipigia swali hilo ngoma kila alikokwenda. Trump, ambaye mwenyewe ni tajiri, akalidaka na kulitumia. Alipoingia Ikulu akasaini, Desemba 2017, sheria iliyopunguza kodi ya mapato ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21. Aliyepiga kura kwa hasira dhidi ya matajiri akawa amewapunguzia kodi.

Sisi tuliosomeshwa somo la Siasa katika shule za msingi za Tanzania tulikariri neno bwanyenye kabla hatujamwona hata mmoja. Kwa hiyo yaelekea nina upendeleo. Tutazame basi takwimu. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Marekani yenyewe, asilimia 1 ya kaya tajiri kabisa inamiliki takriban asilimia 30 ya utajiri wote, na nusu nzima ya chini inagawana kama asilimia 2.5 tu. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na kimesimama hapo tangu Julai 2009. Kwa wiki ya saa 40 ni dola 290 kabla ya makato. Yapo majimbo mengi yaliyopandisha kima chao, lakini Bungeni jaribio la kufikisha dola 15 lilikwama katika Seneti Machi 2021. Mwaka 2014 wasomi Martin Gilens na Benjamin Page walichapisha uchunguzi wa masuala 1,779 ya sera, wakaona kwamba matakwa ya wenye uwezo na ya makundi ya wafanyabiashara yana uzito mkubwa katika yale yanayoamuliwa, na matakwa ya mwananchi wa kawaida, yakitengwa peke yake, uzito wake karibu hauonekani. Haishangazi basi kwamba tangu mwaka 2007, kwa mujibu wa taasisi ya Pew, wanaosema wanaiamini serikali yao kutenda haki mara nyingi hawajawahi kuzidi asilimia 30.

Haya yote Warundi wengi wanayajua kwa njia ya simu. Kuanzia mwaka 2007 Marekani iliwachukua maelfu ya wakimbizi wetu wa mwaka 1972 waliokuwa makambini magharibi mwa Tanzania, wakati sisi wengine tukifungasha kurudi nyumbani. Walifika kule wakati uleule mabenki yanaanguka. Jamaa yangu mmoja alianza kwa kusafisha vyumba vya hoteli usiku, kisha akaingia kiwanda cha nyama. Kodi ya nyumba inameza karibu nusu ya mshahara, na jino likimuuma anahesabu kwanza fedha ndipo aumwe. Hata hivyo kila mwezi anatuma kitu. Wadogo zake hapa wanadhani anabana.

Tuje kwenye mitumba, ile tunayoiita caguwa. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuipunguza hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka uliofuata chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani, kinachojulikana kwa kifupi SMART, kikapeleka malalamiko serikalini kwao kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Kikasikilizwa. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikagoma, na Julai 30, 2018 Trump akasaini amri ya kusimamisha nafuu ya ushuru kwa nguo za Rwanda chini ya mpango wa AGOA. Sisi Burundi tulikuwa tumekwisha kuondolewa katika mpango huo tangu Januari 2016, kwa sababu nyingine.

Nilimsimulia mama mmoja auzaye viatu vya mitumba Gatumba. Akanitazama kwa muda.

"Mwalimu, yule mfanyakazi wa kiwandani aliomba dola 15 wakamnyima?"

"Walimnyima, mama."

"Na wenye marobota waliomba wakapewa?"

"Mwaka mmoja tu na miezi."

"Basi mimi nilifaidika," akasema, akaendelea kupanga viatu vyake. Sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli. Mitumba ingezuiwa kabisa huku kwetu kabla viwanda havijasimama, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kulala njaa. Mwenye nguvu akipigania chake kuna wakati mnyonge huokota makombo, na wakati mwingine huporwa.

Mfano wa kuporwa ni huu. Julai 4, 2025 Trump alisaini sheria kubwa ya kodi na matumizi. Ndani yake punguzo la kodi la mwaka 2017 kwa watu binafsi, ambalo lingefikia ukomo mwisho wa 2025, lilifanywa la kudumu, na mpango wa matibabu kwa maskini uitwao Medicaid ukapunguzwa. Ofisi ya bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba ifikapo mwaka 2034 watu wapatao milioni 10 zaidi watakuwa hawana bima ya afya. Katika kona ya sheria hiyohiyo imo kodi mpya ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya nchi, iliyoanza Januari 1, 2026. Muswada ulianza na asilimia 5, ukashuka hadi 3.5, kisha 1.

Wanaotuma ndio wanaokatwa, si wapokeaji. Anayekwenda dukani na noti mkononi kutuma dola 200 analipa dola 2 zaidi ya ada ya wakala, na hali ni hiyo hiyo kwa anayelipa kwa hawala ya fedha. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa nchini humo haguswi. Kwa maneno mengine wanaoguswa zaidi ni wale wasio na akaunti, wanaolipwa taslimu, wageni wa juzi. Jamaa yangu wa kiwanda cha nyama alikuwa mmoja wao hadi Februari, alipomwomba mwanawe wa sekondari amfungulie akaunti. Kama una ndugu kule anayepanga foleni na noti kila mwisho wa mwezi, mpigie simu umweleze.