Simu Haikuua Sinema Peke Yake



Katika vilima vya Giheta, jirani na mji wa Gitega, kijana anayetaka kutazama filamu siku hizi hana haja ya kusafiri wala kukata tiketi. Hupeleka kadi ya simu yake kwa mwenye kompyuta, akalipa fedha kidogo, akajaziwa filamu kadhaa, kisha akazitazama peke yake usiku kwenye kioo kisichozidi kiganja cha mkono. Wako wanaosema kwamba hiyo simu ndiyo iliyoyaua majumba ya sinema katika Afrika Mashariki. Kauli hiyo ina ukweli, lakini si ukweli wote, na taifa linalotaka kuwa na sinema yake halina budi kuujua ukweli wote.

Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Tanzania, ambako habari hizi zinajulikana vizuri. Mjini Zanzibar jumba la Royal lilifunguliwa mwaka 1921. Liliteketea kwa moto mwaka 1954, na mwaka uliofuata mahali pake palijengwa jumba la Majestic. Katika miaka ya 1950 na 1960, Jumapili ilikuwa siku ya filamu za Kihindi. Filamu kama Awaara ya Raj Kapoor, iliyotengenezwa mwaka 1951, ilijaza viti, na nyimbo zake zikaimbwa hata na watu wasiojua Kihindi. Bei za viti zilitofautiana, lakini tajiri na maskini, Mwafrika, Mwarabu na Mhindi, walicheka na kulia chini ya paa moja.

Jumba la namna hiyo lilifanya kazi kama duka: bila bidhaa mpya halina wateja. Na bidhaa yenyewe ilikuwa nzito. Filamu ya dakika 90 katika ukanda wa milimita 35 ina urefu wa karibu mita 2,500. Ilisafirishwa kutoka Bombay au London, ikalipiwa kwa fedha za kigeni, na nakala moja ikazungushwa katika majumba mengi na miji mingi. Kwa hiyo mtu aliyeketi kitini alitegemea mnyororo mrefu: mwagizaji, meli, fedha za kigeni, umeme, kodi ya serikali na jengo linalotunzwa. Pete moja ikikatika, kiti hubaki kitupu.

Pete hizo zilianza kukatika kabla ya video kuenea. Mwaka 1968 Tanzania iliunda Shirika la Filamu, ambalo baadaye lilishika kazi ya kuagiza na kusambaza filamu. Mwaka 1971 majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, nayo majumba ya sinema yakawemo. Nia ilikuwa kuondoa unyonyaji wa wenye nyumba, lakini mwenye sinema aliyegeuka kuwa mpangaji hakuwa tena na sababu kubwa ya kutengeneza paa lisilo lake. Kisha ikaja miaka ya mwisho ya 1970, mafuta yakapanda bei, Vita vya Kagera vikapiganwa mwaka 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikaadimika. Filamu mpya zikapungua, zile za zamani zikarudiwa hadi zikachakaa.

Ni katika hali hiyo kanda za video zilipowasili. Mtindo wa VHS ulianza kuuzwa Japani mwaka 1976. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwaka 1973, ingawa Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mashine za video ziliingia kwa wingi, na kanda moja iliweza kunakiliwa mara nyingi bila kumlipa yeyote. Video ilimkuta mgonjwa tayari yuko kitandani. Sinema ya Dar es Salaam iliyotazamwa kutoka ndani ya magari, iliyofunguliwa mwaka 1966, haipo tena. Mahali pake pamejengwa ubalozi wa Marekani.

Hata hivyo, kutazama pamoja hakukufa. Kulihamia katika vibanda vya video, ambavyo Watanzania kwa mzaha huviita vibanda umiza, na ambavyo vilienea vilevile nchini Uganda. Humo walizuka wafasiri waliozungumza juu ya filamu, wakaeleza kwa Kiswahili au Kiganda yale yanayosemwa na kuongeza maskhara yao wenyewe. Nchini Rwanda filamu za namna hiyo huitwa agasobanuye. Majumba makubwa yalikuwa na viti vizuri, lakini hayakuwahi kumpa mtazamaji wa kawaida lugha yake kwa kiasi hicho.

Pigo la mwisho lilitoka mbali. Kufikia mwaka 2014 kampuni ya Paramount iliacha kutoa filamu zake katika ukanda wa milimita 35 nchini Marekani, na nyingine zikaelekea huko huko. Jumba lenye mtambo wa zamani likakosa chakula. Majumba mapya yamefunguliwa ndani ya maduka makubwa ya Dar es Salaam na Nairobi, lakini kiingilio chake si cha mtu wa chini.

Sasa turudi kwetu Burundi. Huko Ulaya jumba la sinema lilishindana na sebule yenye televisheni. Kwetu televisheni ya taifa ilianza mwaka 1984, lakini hadi leo ni raia mmoja tu kati ya kumi, au zaidi kidogo, mwenye umeme. Maana yake ni kwamba walio wengi hawana jumba wala hawana sebule hiyo. Simu imeziba pengo ambalo sinema haikuwahi kulijaza.

Anayeumia ni mtengenezaji wa filamu wa hapa nchini. Filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, Gito l'ingrat, ilitolewa na Léonce Ngabo mwaka 1992, na tangu mwaka 2009 tamasha la FESTICAB huonyesha kazi za vijana wetu. Lakini filamu inayopita kutoka kadi hadi kadi haimrudishii mtengenezaji hata faranga moja. Palipo na mlango na tiketi ndipo anapoweza kulipwa.

Tangu mwaka 2019 Gitega ni mji mkuu wa kisiasa, na mipango yake ya ujenzi bado inaandikwa. Hatuhitaji jumba kama Majestic. Mtambo mdogo wa kuonyeshea picha, kitambaa cheupe na umeme wa jua vinatosha kuanzia. Tamasha la Zanzibar limefanya hivyo katika Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, na lile la Rwanda, lililoanza mwaka 2005, limepeleka filamu hadi vilimani. Watu wa Giheta hawahitaji kufundishwa kukusanyika. Ngoma za Gishora ziko kwao, na ngoma za kifalme za Burundi zilitambuliwa na UNESCO mwaka 2014. Wenye kupanga mji wautengee uwanja wa picha, na wenye filamu wapeleke kazi zao huko, kwa kiingilio ambacho mkulima anaweza kukilipa.