Kwa nini Wikipedia ilipata watu na Nupedia ikawakosa?

Umewahi kufungua kundi la mtandaoni, tuseme la kujadili fizikia, ukaingiza watu 200, ukabandika sheria ndefu, halafu kimya? Watu wamo ila hakuna anayesema kitu. Wengi watakwambia "watu wavivu". Siamini hivyo. Mara nyingi tatizo liko mlangoni, na kisa cha Nupedia kinalionyesha vizuri.

Machi 2000 Jimmy Wales alianzisha Nupedia, ensaiklopidia ya bure mtandaoni, Larry Sanger akawa mhariri mkuu. Walitaka wahariri wawe wataalamu hasa, ikiwezekana wenye shahada ya uzamivu, na kila makala ipite hatua saba za uhakiki. Wazo zuri tu, si ndiyo? Sasa jiweke kwenye nafasi ya mwandishi. Unajua jambo moja dogo kuhusu popo, lakini ili ulitoe inabidi uandike makala nzima, utafutiwe mhakiki, usubiri, urekebishe, usubiri tena. Mwaka wa kwanza zikapita makala 21 hivi.

Tarehe 15 Januari 2001 wakafungua mradi wa pembeni wa kuipatia Nupedia rasimu. Walitumia mfumo wa wiki, uliobuniwa na Ward Cunningham na kuwekwa mtandaoni 1995. (Hii wiki si ile yetu ya siku saba, ni neno la Kihawaii lenye maana ya "haraka", na Cunningham alilipata kwenye basi la uwanja wa ndege wa Honolulu.) Hapo unabonyeza kitufe cha kuhariri, unasahihisha koma, basi. Mwezi mmoja tu, makala 1,000. Mwisho wa mwaka zilikaribia 20,000. Nupedia ikafungwa 2003.

Kilichoshuka ni bei ya hatua ya kwanza. Aliyegusa koma leo, kesho anaongeza sentensi, keshokutwa analinda ukurasa kama shamba lake. Tena makala mbovu ya mistari miwili humuwasha anayejua zaidi, wakati iliyokamilika haimwachii pa kushika. Kwa hiyo kwenye kundi lako, "jadilini nadharia ya kwanta" ni mtihani; "nani amewahi kuona upinde wa mvua mara mbili?" mtu anajibu akiwa kwenye daladala.

Ila mlango ukifunguliwa unaweza kujifunga. Wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza walifikia kilele 2007, kisha wakaanza kupungua. Mwaka 2013 Aaron Halfaker na wenzake walichapisha utafiti kuhusu sababu. Uharibifu ulipozidi, wenyeji walitengeneza roboti na programu za kufuta mabadiliko mabaya upesi. Zilifanya kazi kweli, lakini zikawakumba na wageni wenye nia njema wasiojua taratibu. Yaani unapiga hodi mara ya kwanza, na badala ya "karibu" unakuta kazi yako imefutwa na ujumbe wa mashine umeachwa. Wengi hawakurudi.

Mwaka 2012 wakajaribu dawa: Teahouse, yaani nyumba ya chai, ukurasa ambapo mgeni anauliza lolote na kujibiwa na binadamu kwa upole. Watafiti walipolinganisha wageni walioalikwa huko na wasioalikwa, walioalikwa ndio waliokutwa zaidi bado wanahariri miezi kadhaa baadaye.