UGANDA: MAJI YA KIJANI NA MBOGA ZA KAMBINI



Mfanyakazi wa shamba la maua kando ya Ziwa Victoria haishi kwa mshahara peke yake. Nyuma ya nyumba za kambi kuna vijishamba vya dodo, nakati na sukuma wiki, na maji yake huchotwa ziwani kwa jerikani. Mboga hizo ndizo zinazoifikisha nyumba mwisho wa mwezi. Kwa hiyo akina mama wa kambi moja upande wa Entebbe walipotuita kuangalia maji, tulikwenda siku ile ile.

Tulikuta maji ya ufukweni mazito, ya kijani kama rangi iliyomwagwa, na yananuka. Majani ya sukuma yalikuwa na madoa ya kijani yaliyokauka. Tulimwuliza nyapara. Alijibu, "Huo ni uchafu wa ziwa tu. Osheni mboga, chemsheni, mle." Tumeandika makala haya kwa sababu ya jibu hilo.

Utando huo ni nini?

Watu huuita mwani wa kijani-buluu, lakini kwa kweli ni bakteria wanaotumia jua kama mimea. Hupenda maji ya joto, yaliyotulia na yenye mbolea nyingi. Mbolea hiyo hutoka kwetu binadamu. Maji machafu ya Kampala hupita mfereji wa Nakivubo hadi Ghuba ya Murchison, na mvua husomba mbolea ya mashambani. Kisha upepo husukuma utando hadi ufukweni, mahali pale pale tunapochota.

Aina moja, iitwayo Microcystis, hutengeneza sumu ya maikrosistini, ambayo hushambulia ini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 uliikuta sumu hiyo katika Ghuba ya Murchison. Nguvu yake ilionekana huko Caruaru, Brazil, mwaka 1996. Maji yenye sumu hiyo yalitumika kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, na zaidi ya watu 50 walikufa. Hapo sumu iliingia moja kwa moja katika damu. Katika mboga huingia kidogo kidogo, lakini mla mboga hula kila siku.

Kuosha na kuchemsha hakutoshi

Mwaka 1999 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba saladi iliyonyunyiziwa maji yenye bakteria hao ilibaki na bakteria na sumu juu ya majani. Uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba mizizi nayo huweza kuifyonza sumu na kuipandisha kwenye majani. Mboga yenyewe huweza kudhoofika: mbegu huchelewa kuota na mche hudumaa. Lakini mboga inaweza kuonekana nzuri na bado ikawa na sumu.

Kuosha huondoa kilicho juu ya jani, si kilicho ndani. Kuchemsha huua bakteria, lakini sumu haivunjiki kwa moto wa jikoni. Hata kumwaga dawa ya kuua mwani ni hatari, kwa maana bakteria wakipasuka humwaga sumu yao yote majini.

Hatusemi kila jani ni sumu. Inategemea maji na kiasi unachokula. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha mikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mikrogramu 2.4. Kwa mtoto wa kilo 10 ni 0.4 tu. Basi mtoto ndiye wa kuhofiwa kwanza.

La kufanya sasa

Maji yakiwa ya kijani, usiyachote kwa kumwagilia wala kwa kunywa. Tumia maji ya mvua, ya bomba au ya kisima. Siku zote mwagilia shinani, usinyunyizie majani. Usiwaache watoto waoge penye utando, wala mifugo wanywe hapo.

Lakini tuseme ukweli. Ukimwambia mama aache kumwagilia bila kumpa maji mengine, umemnyang'anya mboga. Ushauri peke yake haujazi sufuria.

Tulipeleka jambo hili kwa wakuu wa shamba lile. Walisema vijishamba si sehemu ya kazi, kwa hiyo si shauri lao. Tuliwajibu hivi: kama mshahara ungetosha kununua mboga sokoni, hakuna ambaye angebeba jerikani baada ya kutwa nzima ya kuinama. Tena maua yao wanayamwagilia kwa maji ya kisima kirefu, na bomba lake linapita hatua chache tu kutoka kambini.

Madai yetu ni matatu. Bomba hilo litoe tawi moja kambini. Maji ya ziwa yapimwe, na majibu yabandikwe ubaoni kwa lugha inayosomeka. Na jambo hili liandikwe katika mkataba wa pamoja, lisibaki ahadi ya mdomo. Mpaka tunaandika haya hatujapata jibu.

Kwa hiyo tunawaomba wajumbe wa kila tawi lililo kando ya maji, hapa Uganda na kwa jirani zetu, wakague mahali wanapochota watu wao, kisha walete habari kwenye mkutano wa tawi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.