Umeme wa Ziada na Vilindi vya Nyasa

Mwezi Machi 2024 Shirika la Umeme, TANESCO, lilizima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Mwaka huo huo, ng'ambo tu ya mpaka wa Tunduma, ndugu zetu wa Zambia walikaa gizani saa nyingi kwa siku, maji ya Kariba yakiwa yamepungua mno kwa ukame. Na tusisahau kwamba kwa miaka mingi umeme wa Tunduma, Mbozi na Sumbawanga ulinunuliwa kutoka kwao hao hao. Huku neema ilizidi, kule mashine za kusaga zilinyamaza.

Ndiyo maana sisi hatuidharau habari itokayo Ujerumani, ingawa wako watakaoicheka: kuhifadhi umeme chini ya maji, ndani ya tufe la zege. Yafaa ieleweke. Tufe lenye uwazi ndani huzamishwa kilindini. Umeme unapozidi, pampu huyatoa maji yaliyomo, tufe likabaki tupu. Umeme unapohitajika, mlango hufunguliwa, maji yakaingia kwa kani kubwa ya kina kile na kuzungusha mashine ya kufua umeme. Katika kila sehemu 100 zilizotumika, hurudi kama 75 hadi 80. Mwaka 2016 taasisi ya Fraunhofer ililijaribu tufe la kipenyo cha meta 3 katika ziwa la Bodensee, kwenye kina cha meta 100 hivi, likafanya kazi. Mwaka 2024 ikatangaza jaribio la tufe la meta 9, lenye tani 400, katika bahari ya California, likijengwa na mtambo unaomimina zege tabaka juu ya tabaka kwa kufuata mchoro wa kompyuta.

Kina kifaacho, wasema wataalamu hao, ni meta 600 hadi 800. Ziwa Rukwa ni la kina kifupi, halifai. Lakini Nyasa, inayopokea mto wetu Songwe, hufikia meta 700 hivi. Tena chini ya meta 250 maji yake hayana oksijeni wala samaki. Walau kwa hilo mvuvi wa Kyela asiuhofie usipa wake. Saruji nayo husagwa kiwandani Songwe, mkoani Mbeya.

Hatusemi tufe lizamishwe kesho. Mpaka wa ziwa na Malawi haujaafikiwa, na jambo la namna hii haliamuliwi na upande mmoja. Katika fedha za hazina, haki ya kwanza ni ya njia ya kilovolti 400 iliyobuniwa kutoka Iringa hadi Tunduma ili kutuunganisha na Zambia. Tunalodai ni dogo: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kiwape vijana wake kazi ya kujifunza umiminaji huo wa zege na kuvipima vilindi vya Nyasa, ili siku wageni watakapokuja na mkataba, awepo Mtanzania wa kuusoma na kuuliza maswali.