Alama Ndogo katika Mapafu: Kwa Nini Mganga Anasema "Rudi Kisha Miezi Sita"?

Ilikuwa siku ya tatu jioni, kisha maombi ya mtaa, wakati shemasi mmoja wa kanisa letu aliponishika mkono na kunivuta pembeni. Huyu baba ana miaka 52. Alifanya kazi ya kutoboa mawe chini ya udongo miaka 14, na leo anauza vipande vya pikipiki sokoni. Majuma mawili mbele ya siku ile, pikipiki ilimwangusha barabarani. Walimpeleka hospitali, wakampiga skaneri ya kifua kusudi waone kama mbavu zimevunjika. Mbavu zilikuwa nzima. Lakini kwenye karatasi ya majibu kulikuwa mstari mmoja wenye ulimwondolea usingizi: nodili moja, milimita 7, pafu la kuume, upande wa juu.

"Pasta," aliniambia, "banaona kintu mu mapafu yangu. Banasema nirudie kisha miezi sita. Miye minajua maana yake. Ni kanseri, habapendi kuniambia tu."

Bibi yake hakujua kitu. Yeye peke yake alikuwa amekwisha kuanza kutafuta mtu wa kununua kiwanja chao, kusudi watoto wasibaki na madeni.

Ningependa kuandika hapa kwamba nilimjibu kwa hekima. Hapana. Nilimwambia, "Baba, munganga akiona kintu kibaya, hawezi kukuacha unarudia ku nyumba. Sahau ile maneno." Alitulia, akaenda. Kumbe nilimpa nusu ya kweli, na nusu ile ingeweza kumuua. Baadaye nilikwenda kuuliza mganga mmoja anayejua kusoma picha za kifua, nikakaa naye saa mbili. Nawaandikia, wasomaji wapenzi, mambo niliyopaswa kujua mbele ya kufungua kinywa.

Nodili ni kitu gani?

Nodili ni alama ya mviringo yenye kuonekana ndani ya pafu, na upana wake haupiti milimita 30, ni kusema kama kizibo cha chupa ya limonadi. Ikipita pale, waganga wanaiita jina lingine na wanaharakisha mambo. Neno hili halitaji ugonjwa wowote. Linasema tu: hapa kuna kitu cha mviringo, hatujajua ni nini.

Radio ya kifua, ile watu wote wa migodi wanaijua, mara nyingi haioni nodili ya chini ya sentimita moja. Inajificha nyuma ya mbavu ao nyuma ya moyo. Skaneri inakata kifua kwa picha nyembamba, sawa vile mama anavyokata mkate, na kila kipande kinatazamwa peke yake. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya namna hii mwaka wa 1971 kule London, picha ya kichwa. Mwaka wa 1979 Zawadi ya Nobel ilipewa watu wawili juu ya kazi ile: Godfrey Hounsfield wa Uingereza na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. (Mtoto wa mji wa migodi, sawasawa na watoto wetu. Walimu, muwaambie.)

Sasa, mashini yenye macho makali inaona mambo mengi. Zamani mtu alizeeka na alama yake, akazikwa nayo, bila mtu kujua. Kule Marekani walifanya uchunguzi mkubwa wa watu zaidi ya 53,000 waliovuta sigara sana, wa miaka 55 hadi 74. Majibu yalitoka mwaka wa 2011. Kati ya picha 100 za skaneri, karibu 24 zilionyesha kitu cha kufuatilia. Na kati ya hizo zilizoonyesha kitu, zaidi ya 96 kwa kila 100 hazikuwa kanseri. Tuangalie vizuri: hawa walikuwa wavutaji wakubwa, watu wenye hatari. Lakini uchunguzi ule ule ulionyesha jambo la pili: wale waliopigwa skaneri, vifo vyao vya kanseri ya mapafu vilipunguka kwa 20 kati ya 100 kuliko wale waliopigwa radio tu. Basi nodili nyingi ni bure, na chache ni hatari ya kweli.

Kwetu huku, nodili inaweza kuwa kovu la kifua kikuu cha zamani, hata kama mtu hakujua kwamba alikigonjwa. Inaweza kuwa kovu la kuvu, yale yanayoishi katika mavi ya popo, yenye mtu anavuta kwa pua akiingia pango. Tena kuna vumbi. Mtu anayetoboa, anayeponda ao anayechekecha mawe anavuta vumbi la silika, na vumbi lile halitoki tena. Linafanya vidonge vidogo vingi, kwa kawaida katika mapafu yote mawili, zaidi upande wa juu. Ule ndio ugonjwa unaoitwa silikozi. Alama nyingi za namna ile zinafuatwa kwa njia yao, tofauti na alama moja ya peke yake.

Jambo linalotugusa sisi wa migodi ni hili: silikozi inafungulia kifua kikuu mlango. Na tangu mwaka wa 1997 shirika la kanseri la Afya ya Ulimwengu limeweka vumbi la silika katika kundi la kwanza la vitu vinavyoleta kanseri kwa watu. Mtu akiongeza sigara juu ya vumbi, anaongeza hatari juu ya hatari. Kwa hiyo katika kifua cha mchimba madini mmoja, kovu, vumbi, kifua kikuu na kanseri vyote vinaweza kufanana machoni. Mganga hawezi kuchagua kwa kutazama mara moja.

Nimeona pia watu wanaopewa dawa za kifua kikuu miezi sita kwa sababu ya alama tu, bila makohozi kupimwa. Ndugu, uliza kama makohozi yako yalipimwa. Na ukimaliza dawa zote, na alama iko pale pale inakua, usikubali kuanzishiwa dawa zile zile bila mtu kuuliza upya: hiki ni nini?

Mbona kungoja?

Hapa ndipo shemasi wetu alianguka, na mimi pamoja naye. Tulifikiri kungoja ni kuficha, ao kungoja ni kudharau. Mganga alinifasiria kwa bukari.

Twaa bonge la bukari, ulifinyange liwe mviringo wenye upana wa sentimita 8. Twaa lingine la ukubwa ule ule, uyachanganye yote mawili, ufinyange moja. Utafikiri litakuwa na upana wa sentimita 16. Pima. Utapata 10 tu. Bukari imekuwa mara mbili, lakini upana umeongezeka kidogo.

Nodili iko vile vile. Ikiwa ya milimita 8 na ikajaa mara mbili, skaneri itapima milimita 10. Kanseri ngumu ya pafu kwa kawaida inajaa mara mbili katika siku kati ya 100 na 400 hivi. Kovu la zamani halikui, ao linakua polepole sana. Na jicho la anayepima pia linaweza kukosea: leo 7, kesho 8, na kitu ni kile kile. Ndiyo maana waganga wanataka kuona tofauti ya milimita 2 hivi mbele ya kusema "imekua." Ukirudi kisha juma tatu na nodili ya milimita 7, umepoteza feza na umepokea mionzi bure. Tofauti haijawa kubwa ya kuonekana. Muda wenyewe ni sehemu ya kipimo.

Mwaka wa 2017 Chama cha Fleischner, ni wataalamu wa picha za kifua, kiliandika kanuni zenye waganga wengi wanazifuata kwa watu wa miaka 35 na zaidi. Nodili moja, ngumu, chini ya milimita 6: hatari ya kanseri iko chini ya 1 kwa 100, na mtu asiye na hatari nyingine hana lazima ya kurudi, mwenye hatari anaweza kurudi kisha miezi 12. Kati ya milimita 6 na 8: kurudi kisha miezi 6 mpaka 12, halafu mwenye hatari anarudi tena kisha miezi 18 mpaka 24 tangu picha ya kwanza. Ikipita milimita 8: picha nyingine kisha miezi 3, ao uchunguzi mkubwa zaidi, ao kutoa kipande kidogo. Nodili ngumu iliyobaki vile vile miaka miwili, mara nyingi wanaiacha. Ile ya ukungu, yenye si ngumu, ikifika milimita 6 inafuatwa mpaka miaka 5, kwa sababu inatembea polepole.

Kanuni hizi si za mtu aliye na kanseri tayari, wala si za mtu ambaye kinga ya mwili wake imepunguka, kama mgonjwa wa sida. Hao wana mpango wao na mganga wao. Wasilinganishe tarehe zao na za jirani.

Na mtu akianza kukohoa damu, ao kupunguka kilo bila sababu, ao sauti ikikauka majuma mengi, asiseme "tarehe yangu haijafika." Aende siku ile.

Mama mmoja

Sasa niandike jambo lenye sipendi kuandika. Miaka iliyopita mama mmoja wa kanisa, mwenye hakuvuta hata sigara moja katika maisha yake, walimwonyesha nodili ya milimita 11. Walimwambia arudi kisha miezi 3. Mwezi ule masomo yalikuwa yanafunguliwa, na feza ya skaneri ilikuwa ndiyo feza ya watoto wanne. Alikuja kuniuliza. Tuliomba pamoja, akasimama na uso wa kungaa, nami nikamwambia kwamba ninamwona mzima, alipe masomo kwanza.

Alirudi hospitali kisha miaka miwili, na damu katika kitambaa. Tulimzika mwaka ule. Hakuna mtu wa jamaa yake aliyenilaumu. Wanafikiri hata leo kwamba pasta alifanya kazi yake vizuri.

Sikatai maombi. Lakini maombi yale hayakuhitaji kufuta tarehe, na mimi sikuwa na ruhusa ya kuifuta.

Juu ya sindano na juu ya feza

Watu wa mji wanasema kwamba ukigusa kanseri kwa sindano unaiamsha, inakimbia mwili mzima. Niliuliza. Mganga alisema jambo la sindano kupandisha kanseri njiani ni la nadra sana. Hatari yenye wanaijua ni nyingine: sindano ikipita katikati ya mbavu, hewa inaweza kutoka katika pafu na kulibana, na pengine kutoka damu. Ndiyo sababu hawatoboi ovyo vidonge vya milimita 5 ao 6, na si kwa sababu wanaogopa kuamsha kitu.

Kwa feza: skaneri ya kufuatilia nodili kwa kawaida haina lazima ya sindano ya rangi, tena inaweza kupigwa kwa mionzi michache. Uliza mambo haya mawili mbele ya kulipa. Mionzi ya skaneri ya kawaida inapita ya radio mara makumi, kwa hiyo mionzi michache ni faida kwa mwili pia.

Na kuna kitu kimoja kisicho na bei: picha ya kwanza. Bila picha ya kwanza, ya pili inakuwa tena ya kwanza, na saa inaanza upya. Tunza picha na karatasi ya majibu. Kama ulifanya kazi katika kampuni na walikupiga radio ya kifua zamani, tafuta ile radio hata kama ni ya miaka 15. Alama ikionekana pale, ya ukubwa ule ule, mganga anaweza kufunga shauri siku moja.

Miezi sita ilipofika, nilikwenda mwenyewe nyumbani kwa shemasi. Nilimwomba samahani juu ya lile neno "sahau." Wakati ule bibi yake alikuwa amekwisha kujua yote, kiwanja hakikuuzwa. Nikauliza: picha iko wapi? Wakatazamana. Mama akacheka kwa haya.

"Pasta, ile picha njo tulifunikia dirisha ya batoto. Kyoo kilipasuka."

Tuliitoa dirishani, misumari minne. Jua lilikuwa limeikunja na ilikuwa na mikwaruzo, lakini kipande chenye nodili kilikuwa bado kinasomeka. Mganga aliiweka kando ya picha mpya, akapima mara tatu. Milimita 7, na 7.

Shemasi alitaka kushangilia. Mganga akamwambia bado, kuna tarehe moja nyingine, mwezi wa tisa. Mama ameiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa chumba, na katika likelemba ya wamama ameomba zamu yake ianguke mwezi wa nane. Picha zote mbili ziko ndani ya kartoni, nyuma ya kabati. Dirishani waliweka kipande cha mbao.