Intaneti ya Bei Nafuu kwa Familia za Jinja na Mbale

Zamani askari aliyepelekwa kazini mbali aliandika barua, nayo ilikaa njiani majuma kadhaa kabla mkewe hajaifungua. Leo mambo yamebadilika. Tangu majeshi ya Uganda yalipoingia Somalia kulinda amani mwezi wa Machi 2007, familia nyingi zimezoea kumwona baba kwenye kioo cha simu. Lakini mazungumzo ya picha hula fedha. Mama asiyepanga matumizi atanunua vifurushi vidogo vidogo kila siku, na mwisho wa juma fedha ya sukari imekwisha.

MKONGA UMEFIKA, KIJIJI BADO

Mikonga mikubwa ya baharini ilianza kutua pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009. Mkonga wa taifa wa Uganda, ulioanza kujengwa mwaka 2007, umefika Jinja na Mbale, miji iliyopewa hadhi ya majiji tarehe 1 Julai 2020. Taabu iko katika maili za mwisho, kutoka mjini hadi vijiji vya Busoga na miteremko ya Mlima Elgon. Kumchimbia kila mwanakijiji mtaro wa mkonga ni gharama kubwa, na mnara wa simu nao huhitaji wateja wengi ndipo ulipe.

Hapo ndipo mawimbi ya hewani yanapofaa. Chombo cha Wi-Fi cha nyumbani hufika makumi ya mita tu. Lakini mawimbi hayo yakielekezwa kwa antena maalumu, kilima kwa kilima, pasipo mti wala jengo la kuyazuia, huvuka masafa marefu. Mwaka 2007 wataalamu wa Venezuela waliunganisha vilele viwili vilivyo umbali wa kilomita 382. Mbale, iliyo chini ya Wanale, ina neema hiyo ya mlima. Penye tambarare hapana budi kusimamisha milingoti.

MFANO WA GULU

Mfano mwema tunao nchini mwetu. Mwaka 2007 Jimbo Kuu Katoliki la Gulu lilianzisha mpango uitwao BOSCO katika kambi za watu waliokimbia vita. Kompyuta zisizotumia umeme mwingi ziliendeshwa kwa nguvu za jua na kuunganishwa kwa mawimbi ya masafa marefu. Somo ni hili: kisichowezwa na nyumba moja huwezwa na watu walioungana.

HESABU YA NYUMBANI

Mwaka 2018 tume ya Umoja wa Mataifa ya intaneti ya kasi ilipendekeza kwamba huduma ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya pato la mwezi. Basi nyumba yenye pato la shilingi 300,000 ingetumia 6,000 tu. Kodi nayo imo katika bei: Julai 2021 ushuru wa shilingi 200 kwa siku, uliotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii tangu 2018, uliondolewa, na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 juu ya data.

Ndugu msomaji, jaribu haya:

1. Familia tano au kumi zichangie laini moja, na mweka hazina mmoja aandike kila senti. Kwanza muulizeni mwenye huduma kama mkataba unaruhusu. Walio kambini waombe idhini ya mkuu wao.

2. Zuieni simu zisijipakulie picha na programu zenyewe. Masomo ya watoto yatangulie, michezo ifuate.

3. Neno la siri libadilishwe kila mwanachama anapohama.

4. Msitume picha za kambi wala habari za safari za askari. Adui naye anasoma.

Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika Mbale na kuua watu. Maji yale yalitoka mlimani. Kijiji cha juu chenye mawasiliano kinaweza kuwaonya walio bondeni mapema, wakawahi kuwatoa watoto. Kwa hiyo mchango wa familia kumi si anasa. Huenda siku moja ukaokoa nyumba ya jirani, au yako mwenyewe.